Mnara wa kudondoka: mbona sauti haitoki mpaka umefika katikati?

#1 BahariAmani (Göteborg)
Wakuu, salaam.

Hapa mjini kuna bustani ya michezo ya Liseberg, na ndani yake kuna mnara unaoitwa AtmosFear. Una mita 116. Ulijengwa 1990 kwa ajili ya watu kutazama mji kutoka juu, mwaka 2011 wakaugeuza kuwa wa kudondosha watu. Unakaa kwenye kiti, unafungwa chuma cha mabega, mnapandishwa taratibu, mkifika juu mnaachwa mnaning'inia kidogo, halafu mnaachiwa.

Wageni wakija kutoka nyumbani nawapeleka pale, mimi nabaki chini nikiwasikiliza. Ninachokisikia ni kile kile kila wakati. Wanapoachiwa, kimya. Kelele zinakuja wameshashuka sehemu kubwa ya njia, na kwa wengine zinakuja breki zimeshashika. Nikiwauliza wanasema sauti haikutoka, tumbo lilikuja kooni, roho ilibaki juu. Hakuna anayeniambia aliogopa urefu.

Nadai hivi: kinachotisha ni nusu sekunde ya kwanza. Mnara wa mita 40 na wa mita 120 inatisha sawasawa pale mwanzoni. Wenye kujua sababu karibuni, na mliowahi kupanda semeni mlichohisi wenyewe, si mlichokiona kwenye video.

#2 NesiTukuyu
Mtoto mchanga huzaliwa na jibu la kuanguka. Wodini tunampima nalo: unamshika mgongo na kichwa, halafu unakiachia kichwa kishuke kidogo ghafla, mkono wako ukiwa tayari umekikinga. Hapo hapo anatanua mikono na vidole vyote, kisha anaikunja kifuani, ndipo analia. Angalieni mpangilio: mikono kwanza, kilio baadaye.

Jibu hilo hupotea mtoto akifika miezi minne hadi sita hivi. Mimi naona haliondoki, linafunikwa tu. Mwachie mtu mzima ghafla uone.

#3 KijiweChaKahawa
Nimeshakaa siti ya mbele. Endeleeni.

#4 TichaMagoti (Morogoro)
Tupige hesabu kwanza. Kitu kikiachiwa, nusu sekunde ya kwanza kinashuka mita 1.2 tu, na kasi yake inafika kilomita 18 kwa saa. Ikitimia sekunde moja kimeshuka mita 4.9, kasi ni kilomita 35. Sekunde mbili, karibu mita 20 na kilomita 70. Sekunde tatu, mita 44 na kilomita 106.

Kwa hiyo katika ile nusu sekunde ya mleta mada, mwendo ni wa baiskeli. Hakuna aliyetishwa na kasi. Kilichobadilika ghafla ni uzito. Ukiwa umekaa, kiti kinakusukuma kwenda juu, na msukumo huo ndio unaouhisi kama uzito wako. Kiti kikianza kuanguka sambamba nawe, msukumo unakatika mara moja. Mwili wote unapokea habari kwamba chini hakuna kitu.

#5 BiKisauni (Mombasa)
Minara hiyo sijaipanda wala sitaipanda. Lakini pembea za Idi pale Makadara nimezipanda tangu utotoni, lile gurudumu linalosukumwa na vijana kwa mikono. Likikupandisha unacheka, likianza kukushusha unanyamaza, moyo wauhisi huku shingoni. Na pale urefu wenyewe ni kidogo mno, mtu aliye chini karibu aweza kukushika mguu. Namuunga mkono mleta mada, urefu si hoja.

#6 Kamau_Masikio (Nairobi)
Nasomea mambo ya usikivu, nichangie kidogo. Ndani ya sikio, mbali na sehemu ya kusikia, kuna vifuko viwili vyenye vijiwe vidogo sana vya chokaa vilivyokaa juu ya utando wenye vinyweleo. Siku zote vijiwe hivyo vina uzito, vinavivuta vinyweleo upande mmoja, na ubongo unajua chini ni wapi. Ukiachiwa, vijiwe vinaanguka pamoja na kichwa, havivuti tena. Taarifa hiyo inafika kwenye shina la ubongo kabla hujafikiri lolote, na misuli ya shingo na miguu inakaza yenyewe.

Maelezo ni hayo, mengine ni mapambo.

#7 FundiLiftiKkoo
Kamau, lifti nayo ikianza kushuka sikio linapata habari hiyo hiyo. Nimefunga lifti miaka mingi, sijaona mtu anayekata sauti kwa kushuka ghorofa ya nane. Wanaendelea kuongea na simu.

#8 TichaMagoti
Fundi, tofauti ni kiasi. Lifti ya kawaida huongeza mwendo kwa takribani mita moja kwa sekunde, kila sekunde. Uzito wako unapungua kwa moja ya kumi hivi, na hilo hudumu muda mfupi sana. Kwenye mnara unapungua karibu wote, kwa mkupuo.

#9 MtotoWaRuwi (Muscat)
Mnasoma vitabu mno. Tatizo ni tumbo. Nilikwenda Abu Dhabi na binamu zangu tukapanda mnara wa Ferrari World, ule unaotoboa paa la jengo ukatokea nje. Mimi nilikuwa nimekula wali na nyama, binamu yangu amefunga. Yeye alicheka njia nzima, mimi sikuweza kufungua mdomo. Matumbo yamening'inia ndani, ukiachiwa yanapanda yanagonga chini ya mapafu.

Halafu nawaambia jingine: mimi ni mzito, niliona kabisa kwamba upande wetu ulishuka haraka zaidi.

#10 TichaMagoti
Hapana, sheikh wangu. Kwanza viti vyote vimefungwa kwenye behewa moja, hakuna upande unaotangulia. Pili, hata mngeachiwa mmoja mmoja mngefika pamoja, kama upepo hauingilii. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya kwa pamoja akiwa mwezini, ambako hakuna hewa. Vilitua pamoja.

#11 MtotoWaRuwi (Muscat)
Mwezini hawali wali na nyama. Ila nimekuelewa, ahsante.

#12 NesiTukuyu
Hoja ya tumbo ina shida moja. Ini ni kubwa, linafikia kilo moja na nusu hivi kwa mtu mzima, nalo linakaa chini ya kiwambo cha kupumulia. Likipanda linasukuma kiwambo juu, na kiwambo kikisukumwa juu hewa inatoka kwenye mapafu. Hewa ikitoka, kelele ingekuwa rahisi zaidi. Sasa mbona wanakaa kimya?

Kwa maoni yangu wanavuta pumzi. Mtu akishtuka anavuta hewa ndani kwa nguvu, na huwezi kuvuta hewa ukapiga ukelele kwa wakati mmoja. Kelele inasubiri mapafu yajae.

#13 FundiLiftiKkoo
Hii ya nesi naikubali kuliko ya vijiwe.

#14 Kamau_Masikio (Nairobi)
Na kinachomfanya ashtuke ni nini, fundi? Ni vile vijiwe. Nesi ameeleza hatua ya pili, mimi nimeeleza ya kwanza.

#15 MkweziPangani
Mimi nilianguka mnazi. Nimekwea tangu nikiwa kijana, kwa kamba ya miguuni na vipandio vilivyochongwa kwenye shina. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, kipandio kimoja kina ukoka. Nilipanda, nikaangua, nikaanza kuteremka, mguu wa kushoto ukateleza, kamba ikafyatuka.

Sikupiga kelele hata kidogo. Naukumbuka mkono wangu ukitafuta shina huku shina limeshaniacha, kucha zikakwaruza gome mara moja tu. Nilitua kwenye lundo la makumbi, nikavunjika mkono na mbavu. Aliyepiga kelele ni mke wangu, alikuwa chini anafua. Wenzangu walioanguka wanasema vile vile, aliye juu hanyamazi kwa ushujaa, hana nafasi.

Nesi, ulivyosema kuhusu mikono ya mtoto nimekuelewa vizuri sana.

#16 NesiTukuyu
Pole sana kaka. Shukuru Mungu kwa hayo makumbi.

#17 Nakato_Jinja
Nawasalimu kutoka Uganda. Hapa Jinja watu walikuwa wanaruka kwa kamba ya mpira kutoka jukwaa la mita 44 juu ya Mto Nile, nami niliruka. Anayeruka mwenyewe anapiga kelele mapema. Mimi nilianza kelele miguu bado iko ubaoni! Waliobaki wakinitazama walisema walinisikia tangu juu hadi majini.

Kwa hiyo naleta sababu ya tatu, au ya nne, sijui tumefika ngapi: ni nani ameamua. Nikiruka mwenyewe, mwili unajua lini. Kwenye mnara kuna mtu au kompyuta iliyoshika kitufe, wewe umekaa tu. Kelele zinakwama kwa sababu hukuzipanga.

#18 BahariAmani (Göteborg)
Nakato, hapo umenigusa. Kuna minara inayocheza na jambo hilo hilo. Kule Gröna Lund, Stockholm, wana mnara wa mita 80 uliofunguliwa 1998. Baadaye wakauongezea viti vinavyoinama mbele mkifika juu, unabaki unaitazama ardhi usoni. Na Hansa-Park, Ujerumani, kuna Highlander wa 2019, mnara wa mita 120 na kasi ya kilomita 120 kwa saa, nao viti vinainama. Wameongeza kusubiri na kutazama, na waliopanda wanasema unatisha zaidi ya ule wa kukaa wima.

Ila kama ni macho tu, mbona wanaofumba macho nao wananyamaza?

#19 KijiweChaKahawa
Wanaofumba macho wananyamaza kwa sababu wanaomba dua. Hiyo ni sababu ya tano, iandikeni.

#20 Mzee_wa_Jersey
Habari zenu. Naishi New Jersey. Mnazungumzia mita 116 na 120, hapa kwetu Six Flags Great Adventure wana Zumanjaro, mita 126, kasi kilomita 145 kwa saa. Ulifunguliwa Julai 4, 2014 ukiwa umebandikwa kwenye mnara wa Kingda Ka. Ndio mrefu kuliko yote duniani. Nimeupanda, na sikubaliani na mleta mada hata kidogo: mfupi na mrefu si sawa. Kwenye mfupi, sauti ikifika kooni mmeshafika chini. Kwenye mrefu unapita hatua zote: kimya, pumzi, ukelele, unamaliza pumzi, unaanza ukelele wa pili. Hofu ya mwanzo inaweza kuwa moja, ila mrefu unakupa muda wa kujua kwamba unaanguka.

#21 Dada_Kissimmee (Florida)
Mzee wangu shikamoo. Nikusahihishe kwa heshima: Zumanjaro haupo tena. Waliufunga Novemba 2024 pamoja na Kingda Ka, na Februari 28, 2025 wakaulipua mnara wote kwa baruti. Na hata ulipokuwepo, ulipitwa na mnara wa hapa Orlando, Orlando Free Fall, wenye mita 131, uliofunguliwa Desemba 2021.

Huo nao haupo. Nitaeleza kwa nini nikitoka kazini, si jambo la kuandika haraka.

#22 Mzee_wa_Jersey
Marahaba mwanangu. Kumbe nimekaa mbali na mambo. Tunasubiri.

#23 FundiLiftiKkoo
Tukimsubiri dada, mimi niulize la ufundi. Hizo breki zinatumia umeme? Nikifikiria umeme unavyokatika kwetu, mnara kama huo ukijengwa Dar nitakaa mbali nao kilomita mbili.

#24 Welda_Sharjah
Fundi, usiogope, hapo waliotengeneza walifikiri vizuri. Nimefanya kazi ya kuchomelea kwenye mafundi wa mitambo ya michezo huku Imarati, nimeziona kwa macho. Chini ya behewa kuna sumaku za kudumu, zile zenye nguvu zake siku zote. Kwenye mnara, sehemu ya chini, kuna mapezi marefu ya madini yanayopitisha umeme, shaba au alumini. Kwenye minara mingine ni kinyume, sumaku ziko mnarani na pezi liko kwenye behewa. Sumaku ikipita kasi kando ya pezi inazaa mkondo wa umeme ndani ya pezi lenyewe, na mkondo huo unazaa sumaku ya kuipinga ile ya kwanza. Hakuna kinachogusana, hakuna raba ya kuisha, na umeme wa gridi hauhusiki. Umeme ukikatika mkiwa njiani, mtasimama kama kawaida.

Kuna jambo moja tu: breki hiyo inategemea mwendo. Ukiwa na kasi inashika sana, ukipungua nayo inalegea, kwa hiyo haiwezi kukusimamisha kabisa. Ndiyo maana mwishoni behewa linateremka polepole mpaka likalie vizuia mshtuko.

#25 FundiLiftiKkoo
Ahsante mkuu. Na wakati wa kudondoka, waya umeshika?

#26 Welda_Sharjah
Inategemea aina. Kuna ile ambayo juu kuna kibebeo chenye ndoana: kinavuta behewa hadi juu, kinaliachia, halafu chenyewe kinashuka na waya wake kuja kulichukua tena. Hapo unaanguka huru. Kuna ile ya hewa iliyoshindiliwa: behewa linavutwa na nyaya zilizounganishwa na pistoni ndani ya mabomba, nayo inaweza kukurusha juu au kukusukuma chini kwa kasi kuliko mvutano wa dunia. Kampuni ya S&S ya Utah ndiyo iliyosambaza hiyo tangu miaka ya 1990. Big Shot ya Las Vegas ni ya aina hiyo, ilifunguliwa 1996 juu kabisa ya mnara wa Stratosphere.

#27 Nakato_Jinja
Kumbe hata kusukumwa chini wanasukuma!

#28 Mzee_wa_Jersey
Ndiyo. Lifti ya kutisha ya Disney kule Florida, ya 1994, nayo inafanya hivyo: mota zinaivuta chini, na kompyuta inachagua mpangilio wa mianguko, huwezi kujua lini. Jengo lake lina futi 199, kasoro moja tu kufika 200, maana ukifika 200 unatakiwa kuweka taa za kuonya ndege na zingeharibu sura ya jengo. Hilo nina hakika nalo, msinifute tena.

Na Big Shot nimepanda pia. Pale nilipiga kelele papo hapo, kwa sababu unarushwa juu kwanza. Kimya kilikuja kule kileleni, kiti kilipoanza kunitoka.

#29 Kamau_Masikio (Nairobi)
Mzee, umenipa ushahidi bila kujua. Ukirushwa juu, vijiwe vinaongezeka uzito. Ukifika kileleni vinaupoteza, ukanyamaza. Uzito ukipungua ndipo watu wananyamaza.

#30 NesiTukuyu
Au kwa sababu ukirushwa juu mgandamizo unakutoa hewa kifuani, nayo inatoka na sauti. Ushahidi huo huo unanifaa na mimi.

#31 KijiweChaKahawa
Hapa hapatoki mshindi leo.

#32 Dada_Kissimmee (Florida)
Nimerudi. Naomba tuliongee hili kwa uzito wake.

Machi 24, 2022 kijana wa miaka 14 aliyekuja Orlando kutembea alipanda Orlando Free Fall usiku na akadondoka kutoka kwenye kiti. Alifariki. Alikuwa na mwili mkubwa sana, na kitabu cha mtengenezaji kiliweka kikomo cha kilo 130. Jimbo lilipochunguza lilikuta kwamba kihisi cha kiti chake kilikuwa kimerekebishwa kwa mkono, ili mashine ikubali chuma cha mabega hata kikiwa kimeachia nafasi karibu mara mbili ya kawaida. Kihisi kile kazi yake ilikuwa moja tu, kukataa safari kama chuma hakijashuka vya kutosha. Wakakifundisha kukubali. Na mkanda wa kufunga kati ya miguu haukuwepo, chuma kilikuwa peke yake.

Sasa sikilizeni hili, maana linahusu hoja ya mleta mada. Hakutoka kitini mwanzo wa mwanguko. Alitoka breki zilipoanza kushika, karibu na chini. Mnaposema hofu iko nusu sekunde ya kwanza, sawa, nakubali. Lakini mwanzoni kiti na wewe mnaanguka pamoja, hakuna kinachokuvuta kutoka. Breki zikishika, kiti kinapunguza mwendo na mwili wako unataka kuendelea. Hapo ndipo chuma kinapofanya kazi yake yote, na hapo ndipo watu wa chini wanasikia vicheko.

Mwendeshaji alitozwa faini ya dola 250,000, mnara ukang'olewa mwaka 2023, na mwaka huo huo Florida ikapitisha sheria kwamba mitambo ya wima inayozidi futi 100 lazima iwe na chuma cha mabega pamoja na mkanda. Naishi karibu na hapo. Watu wanapita penye uwanja wenyewe kwenda kula aiskrimu, nami kila nikipita nakumbuka kwamba kilichokosekana ni mkanda.

#33 BiKisauni (Mombasa)
Inna lillahi. Mtoto wa watu.

#34 BahariAmani (Göteborg)
Dada, ahsante kwa kutuandikia. Sikuwahi kulitazama kwa upande wa breki.

#35 Welda_Sharjah
Niongeze. Mwaka 2007 kule Kentucky waya wa kuvutia ulikatika mnarani watu wakiwa kwenye viti, ukawachapa abiria, na msichana wa miaka 13 alikatwa miguu. Mnara wenyewe haukuwa na tatizo la kuanguka, waya ulikuwa umechoka. Na Septemba 2022 huko Mohali, Punjab, India, behewa la mnara wa maonyesho liliporomoka hadi chini na kuwarusha watu kutoka vitini. Video yake wengi mliiona.

Kwa hiyo ukifika mahali, usiulize mnara una mita ngapi. Uliza waya unakaguliwa na nani, na lini mara ya mwisho. Hasa ile mitambo ya maonyesho inayofunguliwa na kufungwa kila wiki mji tofauti. Boliti inayofunguliwa mara nyingi si sawa na iliyokaa mahali pamoja, hata kama ni chuma kile kile.

#36 Thabo_wa_Kigoma (Johannesburg)
Kuna mwanguko hapa Gold Reef City hamjautaja, Tower of Terror, wa mwaka 2001. Unadondoka wima mpaka ndani ya shimo halisi la mgodi wa dhahabu wa zamani. Mnazungumzia kimya? Pale kimya kinakatika unapoingia gizani.

#37 Mzee_wa_Jersey
Huo una reli na kigari, ndugu Thabo, ni wa jamii ya treni za milima. Haumo kwenye mada.

#38 Thabo_wa_Kigoma (Johannesburg)
Mwili wangu haukuuliza kama kuna reli, mzee. Ulianguka tu.

#39 Nakato_Jinja
Thabo ana haki. Giza nalo lihesabiwe.

#40 TichaMagoti (Morogoro)
Mnaojiuliza kama kuna watu wanadondosha vitu kwa kazi na si kwa burudani: wapo. Chuo kikuu cha Bremen, Ujerumani, kina mnara wa mita 146, ndani yake bomba la kudondoshea la mita 110 linaloondolewa hewa. Kapsuli ya majaribio inaanguka kwa sekunde 4.74 bila uzito, kisha inapokelewa na pipa kubwa lililojaa vipunje vyepesi vya plastiki. Tangu 2004 wana manati inayoirusha kutoka chini hadi juu kisha ikarudi, muda ukafika sekunde 9.3. Wanachunguza jinsi moto unavyowaka na maji yanavyotulia bila uzito. Binadamu haruhusiwi, kusimama kwake kungevunja mifupa.

Na mianguko ya burudani yenyewe ilianza na kazi. Mnara wa miavuli wa Coney Island, New York, wa mita 76, ulitokana na mitambo ya kufundishia askari kuruka kwa mwavuli. Uliwekwa kwenye maonyesho ya dunia ya 1939, ukahamishiwa pale ulipo 1941. Bado umesimama, ila haupandwi.

#41 MkweziPangani
Ticha, askari wale walikuwa wakipiga kelele?

#42 TichaMagoti (Morogoro)
Sijawasikia, mkwezi. Lakini wale wana mwavuli, hawaanguki kama sisi tunavyosema hapa.

#43 Mama_Yusra (Dubai)
Samahanini naingilia. Nina binti wa miaka tisa, ana sentimita 128, likizo hii anataka mnara. Wenzake wamemwambia avae viatu vya soli nene atapita. Mnanishauri nini?

#44 Dada_Kissimmee (Florida)
Dada yangu, usimpitishe kwa viatu. Kipimo cha urefu getini hakipimi ujasiri, kinapima kama chuma kitamkaa begani na tumboni inavyotakiwa. Kila mnara una kipimo chake, soma ubao wa pale pale. Asipofika, ipo minara midogo ya watoto inayorukaruka, apande hiyo.

Akifika, kabla hawajawapandisha: chuma kishuke mpaka kimguse, asikiachie nafasi kwa sababu ya kubanwa. Usiweke mkoba wala sweta kati yake na chuma. Kama kuna mkanda unaounganisha chuma na kiti, uone umefungwa, uuvute kwa mkono wako. Ukiona kitu hukielewi, inua mkono na mkatae kupanda. Kurudisha tiketi si aibu.

#45 Welda_Sharjah
Na kichwa kiegemee nyuma kabla ya breki, si baada. Shingo za watoto ni nyepesi.

#46 Mama_Yusra (Dubai)
Ahsanteni sana. Nimemsomea. Amekasirika lakini amekubali ule mdogo.

#47 FundiLiftiKkoo
Welda, hiyo breki ya sumaku bado inanikalia kichwani. Naweza kuiona kwa macho bila kwenda Imarati?

#48 Welda_Sharjah
Kirahisi. Tafuta diski ya kompyuta iliyokufa, ifungue, ndani kuna sumaku mbili zenye nguvu sana, angalia zisikubane vidole. Chukua sufuria nene ya alumini, ile ya kusubu, iegemeze kwa mwinamo, teleza kipande cha mbao mgongoni mwake, kisha teleza sumaku. Alumini haishikwi na sumaku, ijaribu kwanza ujiridhishe.

#49 MkweziPangani
Sufuria ya kusubu ninayo. Diski ndiyo sina.

#50 FundiLiftiKkoo
Njoo Kariakoo, ziko za kutupa. Mimi nimejaribu sasa hivi, nimetumia sufuria ya pilau ya mama watoto. Mbao imeanguka hapo hapo. Sumaku imeshuka polepole mpaka mke wangu akauliza nimepaka nini. Nimeigeuza, nimeipangusa, nimerudia, vile vile. Sasa ameichukua yeye, anawaonyesha majirani, na mimi nina swali jingine: nikipasha sufuria moto, itashika zaidi au itapungua?

#51 TichaMagoti (Morogoro)
Itapungua. Chuma au alumini ikipata moto inapitisha umeme kwa shida zaidi, mkondo unakuwa mdogo. Lakini kwa moto wa jikoni tofauti hutaiona kwa macho, na sumaku yenyewe usiipashe, itapoteza nguvu.

#52 NesiTukuyu
Ticha, kwa hiyo mnara wa Riyadh au Dubai mchana wa Julai breki zinashika kidogo kuliko wa Göteborg?

#53 Welda_Sharjah
Kidogo sana, nesi, na mafundi wanaacha urefu wa ziada wa mapezi kwa ajili ya hayo na mengine. Tulikuwa tunajaribu behewa tupu kwanza, halafu na mifuko ya maji kwenye viti vyote, halafu mifuko upande mmoja tu, ndipo mtu akae.